Trekta kuukuu inapolalamika: soma oili yake kabla hujanunua dumu jingine

Mwezi wa 10 ukiingia, kabla tone la mvua halijagusa bonde la Usangu huku Mbeya, simu yangu haikai mfukoni. "Fundi, inakula oili." "Fundi, geji imelala." "Fundi, nimeweka nzito kabisa lakini wapi." Hiyo ya tatu ndiyo inayonichosha. Mtu akiweka oili nzito ili kuficha ugonjwa, mimi nikifika nakuta wagonjwa wawili: ule wa kwanza, na ule ulioletwa na dawa.

Haya nimeyakusanya kutokana na malalamiko yanayojirudia kwenye trekta za zamani za huku kwetu, hasa Massey Ferguson 135, 165, 240 na 290 zenye injini za Perkins, na Ford 5000 na 6600. Mwishoni kuna neno kwa wenye pawatila, yaani trekta ndogo za mkono. Kwa kila dalili nimeanza na sababu ninayoikuta mara nyingi na jambo la kuangalia lisilo na gharama. Palipoandikwa SIMAMA, zima injini.

Mistari miwili ya kusoma kwenye dumu

Picha ya simba, neno "super", rangi ya dhahabu: hayo ni mapambo. Tafuta SAE na API.

SAE ni uzito. Oili ya namba moja, mfano SAE 40, ina uzito huo injini ikishapata moto, lakini kwenye baridi inakuwa kama asali ya Kitulo. Oili ya namba mbili, mfano 15W-40, inatiririka vizuri kwenye baridi, na ikipata moto inabaki na uzito ule ule wa 40. Kwa hiyo anayesema 15W-40 ni nyepesi kuliko 40 anazungumzia asubuhi tu. Saa sita mchana shambani ziko sawa.

API ni kazi. Herufi ya kwanza ikiwa C, imetengenezwa kwa dizeli. Ikiwa S, ni ya petroli. Dumu likiwa na SN peke yake, lirudishe kwenye rafu hata kama muuzaji anakuapia, kwa sababu halikuandaliwa kubeba masizi ya dizeli. Daraja la CD lilianza 1955 na CC 1961, na injini nyingi ninazozitaja zilizaliwa zikitumia hizo. Leo utakuta CF, CF-4, CH-4 au CI-4, ambayo ilitoka 2002. Zote zinafaa. CK-4 ya 2016 haitaua trekta ya babu yako, ila imeundwa kwa injini za kisasa zenye chujio kwenye ekzosi. Unalipia kitu usicho nacho, na kwa kawaida ina alkali ndogo ya kupambana na tindikali ya salfa kuliko CI-4.

Chaguo langu kwa trekta kuukuu inayozunguka kati ya Igurusi, Makambako na Njombe ni 15W-40 yenye CF-4, CH-4 au CI-4. SAE 40 ya CD au CF naikubali Usangu tu, kuanzia Oktoba, kwa injini iliyokwisha kulegea. Ukipanda nayo kwenye baridi ya Makete mwezi wa 6, usinipigie simu.

Dalili ya 1: Inakula oili, moshi wa bluu

Kwanza hakikisha inakula kweli. Zaidi ya nusu ya trekta ninazoitiwa kwa shida hii hazili, zinavuja. Osha injini, ikauke, tandika kadibodi chini usiku kucha. Asubuhi kadibodi itasema: kifuniko cha tapeti juu ya injini, sampu (karai la oili chini ya injini), nyuma penye klachi. Perkins za zamani zimezibwa nyuma ya krenki (shafti kuu ya injini) kwa kamba, si kwa sili ya mpira, na kamba iliyochoka hudondosha tone tone. Hiyo si ya kufungulia injini katikati ya msimu. Ongeza oili, lima, utaifunga mwezi wa 6. Ila tone likigeuka mchirizi na klachi ikaanza kuteleza, oili imeshafika kwenye sahani, na hapo trekta inatenganishwa katikati, injini mbali na gia. Kazi hiyo si ya kufanyia chini ya mwembe kwa jeki moja.

Sababu ya pili hupati kuisikia dukani: dipstiki si yake. Trekta imepita mikononi mwa mafundi 10, dipstiki ilipotea 1998, mtu akachomeka ya Fuso. Unajaza mpaka alama ya juu, kumbe umezidisha lita 2, krenki inachapa oili kama mtu anapiga mayai, povu linapanda, oili inapita ringi za pistoni na kuungua mpaka irudi kiwango chake halisi. Mwenye trekta anasema "inakula lita 2 halafu inaacha." Inaacha kwa sababu imefika inapopataka!

Dawa yake ni hii. Egesha pahali tambarare, mwaga oili yote ikiwa na moto, badili filta, kisha weka kiasi ambacho kitabu cha injini kinataka. Kwa 135 ni lita 7 hivi. Washa dakika 2, zima, subiri dakika 15, chomoa dipstiki, na pale oili ilipoishia kata alama kwa tupa. Hiyo ndiyo alama yako ya juu mpaka trekta iuzwe.

Ya tatu ni chujio la hewa la bakuli la oili. Utingo mwenye bidii anajaza bakuli kupita mstari, injini inavuta oili pamoja na hewa, moshi wa bluu unafunika shamba. Punguza mpaka kwenye mstari. Wakati wa vumbi la Ismani, bakuli lifunguliwe kila siku: tope likifika nusu sentimita, mwaga, osha kwa dizeli, weka oili ya injini mpya kidogo. Usiweke oili chafu uliyomwaga jana eti "ni ya kushika vumbi tu".

Baada ya hizo tatu ndipo tunakuja kwenye uchakavu. Angalia moshi unatoka lini. Ukitoka asubuhi wakati wa kuwasha, ukapotea baada ya dakika chache, gaidi za valvu (mirija inayoongoza valvu) zimelegea. Unaweza kuishi nao. Ukitoka unapovuta plau na kuongezeka kwenye udongo mzito, ringi zimekwisha au silinda imelika. Pima hivi: injini ikiwa saileni (inazunguka taratibu bila kukanyagiwa mafuta), fungua kifuniko cha kujazia oili kwa uangalifu, kigeuze, kilaze juu ya tundu bila kukifunga. Kikitikisika kidogo, sawa. Kikirushwa, na moshi ukapumua puf puf puf kama treni ya mvuke, presha inapita kwenye pistoni.

Oili nzito hapa inafanya nini? Inapunguza moshi kwa wiki chache. Ringi hazikui. SAE 50 nimeiweka mwenyewe kwenye trekta ya mtu aliyebakiza ekari 12 na mvua zinanyesha, na sijutii, lakini nilimwambia wazi kwamba tunanunua siku.

Kipimo changu ni cha daftari, si cha kumbukumbu. Nusu lita kwa siku nzima ya kulima kwa injini ya miaka 40, siigusi. Lita 1, naiangalia. Lita 2, nafungua.

SIMAMA: injini ikianza kupandisha mbio yenyewe, moshi mnene, na kizimio cha dizeli hakisikii, inajiendesha kwa oili yake. Usiweke kiganja wala kitambaa kwenye mdomo wa hewa; utavutwa. Kama mbele hakuna mtu wala ukuta, kanyaga breki kwa nguvu zote, tia gia kubwa, achia klachi ife. Au ziba mdomo wa hewa kwa ubao mnene. Ikishindikana ondoka, waondoe na watoto waliokuja kutazama.

Dalili ya 2: Geji ya oili inashuka injini ikipata moto

Kushuka kidogo ni kawaida. Kitabu cha Perkins ya silinda 3 kinataka presha ya psi 30 mpaka 60 injini ikiwa na moto na kwenye mzunguko wa juu. Saileni itaonyesha chini ya hapo, na mtu asikutishe. Tatizo ni pale unapolima, mzunguko uko juu, na mshale unalala.

Anza na dipstiki, kiwango kwanza. Kisha ivute oili kwa vidole viwili na uinuse. Ikiwa nyepesi kama dizeli na inanuka dizeli, ruka mpaka dalili ya 3. Kisha mshuku mwambiaji: geji za miaka hiyo zimechoka, na swichi ya taa hudanganya. Fungua, funga geji ya kupimia ya fundi yenye bomba lake, uone ukweli. Kazi ya dakika 20 hii imeokoa injini nyingi zisifunguliwe bure.

Geji ikithibitisha, fuata mpangilio huu: oili ya uzito usiofaa au ya kuchakachua; filta bandia; valvu ya kupunguzia presha iliyokwamishwa na chembe; chujio la waya ndani ya sampu lililoziba; pampu ya oili; na mwisho kabisa, beringi za krenki.

Hilo chujio la waya linanidai hadithi. Mteja mmoja wa Chimala alikuwa na trekta iliyotumia oili ya bei ya chini, ya namba moja, miaka nenda miaka rudi. Nikamshawishi ahamie 15W-40 CI-4. Nilikuwa sahihi kuhusu oili na mjinga kuhusu injini. Oili hizi zina sabuni. Zikiingia kwenye injini yenye tope la miaka 15 kwenye kuta, zinalibandua lote kwa mara moja. Siku ya pili geji ikalala. Tulipodondosha sampu, chujio lilikuwa limevikwa koti jeusi, laini kama mlenda uliokaa usiku kucha. Tuliliwahi. Tangu hapo, nikihamisha injini chafu, nadondosha sampu kwanza, nasafisha, na oili ya kwanza naimwaga baada ya saa 25 hivi pamoja na filta. Ya pili baada ya 50. Ndipo naiachia.

Hapa ndipo oili nzito inapofanya uhalifu wake mkubwa. Beringi zikilegea, SAE 50 inapandisha mshale. Mwenye trekta anafurahi. Lakini mshale ukipanda kwa sababu oili inapita kwa shida, haina maana kwamba oili inafika. Asubuhi ya baridi dakika za kwanza tapeti na beringi za mbali zinazunguka kavu, na uchakavu mwingi hutokea hapo hapo.

SIMAMA: mshale ukigonga sifuri, zima papo hapo, hata kama umebakiza mstari mmoja. Ukisikia mlio mzito wa kugonga chini ya injini unaofuata mzunguko, usiwashe tena "tusikie vizuri". Krenki iliyokwaruzwa inachongwa. Krenki iliyokatika inauzwa kwa kilo. Kuchonga krenki na kupima beringi ni kazi ya karakana yenye mashine, si ya tupa na msasa.

Dalili ya 3: Oili inaongezeka

Mzee mmoja wa Ubaruku alinipokea akitabasamu. "Shikamoo mzee." "Marahaba kijana wangu. Hii trekta yangu imebarikiwa, mwezi wa pili huu siongezi oili, yenyewe inapanda tu." Nikachomoa dipstiki. Oili ilikuwa vidole vitatu juu ya alama, nyeusi, ikichuruzika kwenye chuma bila kushika. Nikaidondosha tone moja kwenye kipande cha mfuko wa saruji, tukanywa chai. Tuliporudi, katikati palikuwa na duara jeusi, na kulizunguka pete pana, nyepesi, yenye mafuta, imefika mara tatu ya tone lenyewe. Mzee akanusa. Tabasamu likaondoka.

Ni dizeli. Inaingia kwa njia hizi, kwa wingi wa kukutana nazo. Ya kwanza ni fidi pampu, ile yenye kimkono cha kutolea upepo: ngozi yake ya ndani ikichanika, dizeli inadondokea kwenye sampu moja kwa moja. Inabadilishwa kwa boliti mbili au nne na gasketi. Ya pili ni nozeli inayochuruza badala ya kunyunyiza. Utaona pia moshi mweupe wenye harufu kali asubuhi, au silinda moja inayokosa. Ya tatu ni bomba la marejesho ya nozeli, kwenye injini ambazo linapita chini ya kifuniko cha tapeti. Ya nne ni sili ya shafti ya pampu ya nozeli, inayoelekea kwenye gia za mbele.

Hiyo fidi pampu badili mwenyewe. Pampu ya nozeli usiifungue. Aina ya CAV iliyo kwenye nyingi ya trekta hizi inapimwa kwenye benchi maalumu, na mafundi wenye benchi wapo Mbeya mjini. Ifungue boliti zake za kuifunga kwenye injini baada ya kuweka alama, ifunge kwenye nailoni safi, panda nayo basi.

Kama haiongezeki kwa dizeli, inaongezeka kwa maji, na hilo lina dalili yake hapo chini. Kuna mwizi wa tatu, adimu: kwenye trekta ambazo pampu ya haidroliki imefungwa kwenye injini yenyewe, sili yake ikifa, oili ya haidroliki inahamia kwenye sampu. Angalia kama upande wa haidroliki unapungua kwa kiasi kile kile.

SIMAMA: oili ikiwa juu ya alama na inanuka dizeli, usiwashe hata kusogeza trekta kivulini. Mwaga kwanza.

Dalili ya 4: Oili kama chai ya maziwa

Usikimbilie kufungua hedi (kichwa cha injini). Njombe, Uwemba na Makete, mwezi wa 6 na wa 7, trekta inayowashwa dakika 10 kupeleka maziwa na kuzimwa hupata utando mweupe chini ya kifuniko cha kujazia. Ni jasho la ndani lililokosa moto wa kulikausha. Futa, fanya kazi ya saa 2 ya jasho kweli, angalia tena. Ukipotea, umeponyoka gharama.

Ukiwa mweupe mpaka kwenye dipstiki, fanya kipimo cha maskini: asubuhi kabla ya kuwasha, legeza nati ya kumwagia oili taratibu, kikombe kikiwa chini. Maji ni mazito kuliko oili, hivyo kama yapo yatatangulia. Tone la mashaka lidondoshe kwenye mfuniko wa sufuria uliopashwa moto; likirukaruka na kulia chwa-chwa, lina maji.

Yameingia wapi? Mara nyingi gasketi ya hedi, na mara nyingi baada ya trekta kuchemsha. Halafu hedi iliyopinda au kupasuka. Kwenye injini zenye silinda zinazokaa ndani ya maji, ringi za mpira za chini. Na bloki za Ford za zama hizo zinajulikana kwa kutobolewa na viputo kutoka upande wa maji, hasa zikinyweshwa maji ya mfereji miaka yote bila dawa ya rejeta.

Hedi mpelekee fundi wa mashine aipime kwa rula na presha. Kuifunga upya bila kupima ni kununua gasketi mbili. Na ile oili ya maziwa usiichemshe ikauke uirudishe, nimeona ikifanyika.

Dalili ya 5: Asubuhi stata inasuasua

Betri, kichwa cha betri, waya wa kwenda chini. Ukimaliza hayo ndipo utazame oili. SAE 50 kwenye nyuzi 5 za Makete ni gundi. Badilisha kwa 15W-40, na kama ilikuwa na tatizo jingine lililofichwa, sasa litajitokeza ulitibu lenyewe.

Dalili ya 6: Imekuwa nyeusi siku ya kwanza

Ni injini ya dizeli, ndugu yangu. Oili nzuri inakuwa nyeusi kwa sababu inafanya kazi: inabeba masizi isiyaache yagande. Wasiwasi ni pale inapokuwa nzito kama lami au ina chembe unazozisikia ukiisugua kati ya vidole. Vumbi linalosagika lina maana chujio la hewa au bomba lake linapitisha. Tafuta klipu iliyolegea kabla hujaweka oili mpya. Vichembe vya rangi ya shaba au fedha vinavyong'aa juani ni beringi. Rudi dalili ya 2, mstari wa SIMAMA.

Vitabu vingi vya injini hizi vinataja saa 200 mpaka 250 kwa oili. Kwa vumbi na tope letu mimi namwaga saa 150, na kama mita ya saa imekufa, kama ilivyokufa kwenye karibu zote, hesabu siku za kazi. Siku 15 za kulima tangu asubuhi mpaka jioni zinatosha.

Dalili ya 7: Plau linanyanyuka kwa kigugumizi, au breki zinalia

Hii si oili ya injini, lakini nusu ya lawama za "oili mbovu" ni za huku. Kwenye Massey za namba 100, haidroliki, gia na difu vinachangia oili moja kwenye nyumba moja. Anayelima majaruba ya Mbarali anapitisha trekta kwenye maji mpaka ekseli, na maji yanaingia kupitia mpira wa gia uliochanika na tundu la kupumulia. Oili inageuka uji, mikono inanyanyuka kwa kushtuka. Angalia kiwango, angalia rangi, badilisha chujio au lisafishe, ziba mpira. Tumia oili ya trekta ya matumizi yote, iliyoandikwa UTTO, isipokuwa kitabu kikitaja nyingine.

Usimimine oili nzito ya difu ya lori, GL-5, kwenye nyumba hiyo. Baadhi ya dawa zake hula shaba ya pampu na bushi, na kwenye trekta zenye breki za kuzama ndani ya oili, breki zitapiga kelele au zitateleza. Breki za trekta inayovuta tela la magunia 60 kuteremka mlima si za kujaribia. Zikibadilika sauti, shusha mzigo.

Pawatila na mashine za kusaga

Injini za silinda moja za Kichina, S195, ZS1115 na ndugu zao, hazina geji. Zina kijiti kidogo chekundu juu kinachochomoza oili ikizunguka. Kisipochomoza ndani ya sekunde chache, zima. Kikizibwa na matope mtu anakisahau, na huo ndio mwisho wa nyingi. SAE 40 ya CF au 15W-40 zote zinafaa. Kiwango kipime kila asubuhi pawatila ikiwa imesimama sawasawa, si imeinamia jaruba, kwa sababu sampu ni ndogo na nusu lita ikipungua ni nyingi.

Kabla hujamlaumu fundi, mlaumu dumu

Kuna mwaka nilinunua ndoo ya lita 20 dukani, bei nzuri, muhuri upo. Siku ya tatu geji ya trekta yangu ikaanza kushuka saa nne asubuhi. Nikamwaga kidogo kwenye chupa tupu, safi: ilikuwa na harufu ya kuungua, na baada ya usiku mmoja chini palitua unga mweusi. Oili iliyokwisha kutumika, imechujwa, imerudishwa ndooni. Sasa naangalia muhuri wa ndani, si wa kifuniko tu. Namba ya toleo iliyochapwa, si iliyobandikwa. Nembo ya TBS, shirika la viwango. Na nanunua kwa anayenipa risiti na leseni yake ya EWURA, mamlaka ya nishati na maji, iko ukutani. Dumu tupu natoboa kwa msumari kabla ya kulitupa, maana kuna watu wanayakusanya.

Na oili chafu usiimwage mfereji wa majaruba. Maji ya Usangu yanakwenda Ruaha Mkuu, na kabla ya kufika huko yanapita kwenye mpunga wa jirani yako. Irudishe kwenye dumu, funga, mpe anayekusanya. Wengine hupaka nguzo za uzio zisiliwe na mchwa. Ukifanya hivyo vaa glavu, na nguzo za zizi la ng'ombe usiziguse, watazilamba.